Chango

Newcastle, wodi ya watoto njiti, Januari.
Pacha A: gramu mia saba na tisini.
Pacha B kamzidi kijiko cha sukari.

Kila alfajiri muuguzi Lorraine hufungua nepi,
huchota choo kwa kijiti, hukitia kichupani.
"Tunahesabu wapangaji," husema:
vijidudu waliohamia matumboni
kabla mimi mama sijaruhusiwa kuwapakata.

Maziwa ni yaleyale, nusu yangu,
nusu mchango wa mama wa Gateshead nisiyemjua.
Yai lilikuwa moja. Urithi mmoja.

Jumanne usiku tumbo la B likavimba,
ngozi ikawambwa kama chapuo.
Daktari akauliza: kwenu kuna kichanga aliyefariki?
Nikamkumbuka kaka yangu asiyetajwa,
siku ya tisa, tumbo hivihivi.
Bibi alisema ni kijicho.

"Basi mbona A mzima?"
"Hatujui bado. Pengine mpangaji mmoja tu."

Wamemkata B sentimita nne za chango.
Saa kumi usiku mashine ya kukamulia inakoroma
kifuani pangu.
Chupa mbili, kama jana.