Sikio la Kushoto

Ukitaka baba akusikie, keti kuliani kwake.
Kushoto kumebaki Jumanne moja ya mwaka hamsini na saba,
Bugungu, chini ya Masindi, nyasi zimekwisha kuchomwa.

Bwana Pettifer alishuka garini na sanduku la mti,
ndani mahameli ya buluu, juu ya mahameli bastola:
mtutu inchi sita na nusu, gurudumu la matundu sita,
uzito wa jogoo.
"Magnamu," akasema, akingoja watu washangae.
Huko Amerika wameua dubu kwa hii.
Baba hakujua dubu. Alishangaa kwa adabu,
kisha akaomba kuiona risasi.

Akailaza kando ya risasi ya bastola ya zamani.
Mpya ilizidi kwa punje moja ya mtama.
"Punje hiyo wameiongeza makusudi,
isije ikaingia bastola kuukuu ikaipasua, na mkono juu yake."
Baba hulisimulia hili
kama mtu anayemsifu fundi viatu.

Ngiri huingia shimoni kinyumenyume
ili atoke meno mbele.
Alitoka.
Baba amepiga goti, bunduki kubwa mkononi, anamnyooshea mwenyewe;
mwenyewe hakuitaka.
Alipitisha mkono juu ya bega la baba.

Haukuwa mlio. Lilikuwa kofi.
Ngiri alianguka, hilo baba hakatai: hatua nane, risasi moja,
na Bwana akirukaruka, akikung'uta kifundo cha mkono,
midomo inakwenda, haitoi neno,
na ndege wote wa Bugungu kimya.
Upande mmoja walirudi jioni.
Upande wa pili hawajarudi.

"Bunduki ya bega hukuomba," husema baba.
"Ile ilidai."

Alipewa shilingi tatu za nyongeza na ganda tupu.
Shilingi zilinunua chumvi. Ganda ninalo mimi,
limechakaa, rangi ya chai ya maziwa,
na ukilipuliza mdomoni hulia kama filimbi ya refa.

Nikiosha vyombo huniita: Nyamahunge, lete ganda.
Nakausha mikono kwa kanga, napuliza.
Anageuza kichwa polepole, kutoka kulia kwenda kushoto,
kama mtu anayetafuta stesheni redioni.

"Umepuliza?"
"Nimepuliza."
"Puliza tena."