Vipimo vya Mjerumani

Nimempima kwa futi yangu ya kushonea,
ile ya manjano iliyofutika tarakimu za mwanzo.
Kioo cha pembeni hadi cha pembeni: sentimita mia mbili na kumi.
Nikarudi Kibokoni, nikaupima uchochoro wetu
kutoka baraza ya kina Mwanahalima hadi ukuta wa duka la mkaa:
mia moja tisini na sita.
Basi hilo la kwanza. Nikaliandika.

Bwana Badi wa yadi ya Ganjoni
alinifungulia mlango kana kwamba nimeshalipa.
"Silinda sita, Bi Mishi. Ngozi tupu. Viti vinapoza mgongo.
Halijatembea hili. Lilikuwa la daktari."
Kila gari pale lilikuwa la daktari.
Mombasa ingekuwa na madaktari wote hao
mama yangu asingekufa foleni, Makadara.

Nikaketi kwenye kiti cha dereva, nikapapasa mshono.
Uzi si wa kiwandani. Umerudiwa kwa mkono,
mkono wa mtu mwenye haraka, hata fundo hakulificha.
Makalio ya miaka mingapi hutatua ngozi namna hii?
Kwa hilo sikuhitaji fundi.

Kwa mengine nilimtoa Kalume huko Shimanzi,
na kikompyuta chake alichokifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli.
Dashibodi ilisema elfu themanini.
Sanduku la gia likasema laki mbili na kumi.
"Hili halijafundishwa uongo," akasema Kalume,
"wamemfundisha mwenzake wa mbele tu."
Kisha akalala chali, akamulika kwa simu, akaniita.
Nikainama na magoti yangu haya.
Chumvi ya hewa yetu ilikuwa imetarizi lesi
pembezoni mwa chasisi yote, lesi ya kutu,
kazi safi kuliko yangu.

Siku ya nne niliwahi alfajiri, kabla hawajaliwasha.
Limekaa chini upande mmoja
kama ngamia aliyekataa mzigo.
Mlinzi akacheka: "Huinama hivyo kila usiku, mama.
Likishapigwa stati huamka."
Mifuko ya hewa. Mfuko mmoja
ni cherehani zangu mbili, na ovaloki juu.

Usiku nikafungua daftari la maharusi.
Bima kubwa. Matairi yasiyouzwa Mwembe Tayari.
Oili lita nane, tena si oili ya kila mtu.
Petroli lita moja, kilomita sita,
na bibi harusi hataki kufika, anataka kuzungushwa.
Rajabu na Shaabani hujaa. Ramadhani, sifuri.
Nikipata harusi ishirini na mbili kwa mwaka,
kila mwari atanilipa elfu kumi na tano
na kunila elfu kumi na saba.
Nikahesabu tena kwa kalamu nyingine.
Kalamu haikuwa na kosa.

Kuna kitu hakikupata mstari katika daftari.
Mimi nilipelekwa kwa mume kwa pikapu ya barafu.
Pindo la gauni lililowa hadi magotini,
na gauni nilikuwa nimelishona mwenyewe,
miezi mitatu, taa ya chemni.

Kwa hiyo nilirudi Ganjoni, nikaketi kiti cha nyuma,
nikamwambia Badi afunge mlango.
Ukafunga kwa sauti ya mkasi mpya ukipita kwenye hariri.
Kelele zote za Ganjoni zikabaki nje kama wasioalikwa.
Nilikaa dakika kumi. Sikupima kitu.

Nilipotoka nikamtajia bei yangu:
yake, nikitoa mifuko minne ya hewa,
nikitoa kutu, nikitoa laki na thelathini za kilomita alizozizika.
Alicheka mpaka akashika boneti.
Nikakunja futi, nikamwachia namba ya simu.

Na lizidi kuinama.
Mimi nina mashati ya shule
ya kushona mpaka Januari.