Nyuzi Ishirini na Saba

Mtaa wa Sargent, Winnipeg,
kati ya fundi viatu na duka la majembe ya theluji,
kuna mlango mzito. Usukume kwa bega.

Ndani ni Julai daima.
Kipimajoto cha ukutani kina mshale wa rangi,
Amado Pangilinan aliuchora mwenyewe:
nyuzi ishirini na saba. Haupandi, haushuki.
Nje, Januari hii, ni thelathini na moja chini ya sifuri
na mate hugeuka changarawe kabla ya kutua.

Mnazi ni wa plastiki.
Kuna mteja aliyeumwagilia maji miaka miwili,
hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.
Amado, mzaliwa wa Batangas,
aliyekwea minazi ya kweli hadi mapaja yakachubuka,
hupita mbele yake akiupigia saluti:
“Huu ndio mnazi pekee ambao haujawahi kutaka kuniua.”

Mimi naosha glasi.
Huwajua watu kwa wanachobakiza.
Wapenzi wapya hubakiza barafu tu;
hunywa upesi, mikono haina pa kwenda.
Waliooana zamani hubakiza cheri,
kila mmoja akimwachia mwenzake.
Makundi hayabakizi kitu, hata miavuli ya karatasi:
huondoka nayo nyweleni, kwenye upepo ule,
kana kwamba itafaa.

Alhamisi hiyo Orest Hnatiuk aliingia saa moja kasorobo,
shati lina mikunjo ya dukani,
akakaa meza ya wawili chini ya taa ya bunju,
yule samaki aliyevimba, aliyekaushwa, aliyetiwa balbu tumboni.
Akaagiza ramu na nanasi. Akaikumbatia glasi.
Saa moja.
Saa moja na nusu.
Kipande cha nanasi kikainama, kikazama.
Kiti cha mbele yake kikazidi kuwa kitupu,
maana utupu nao hunenepa ukitazamwa.

Ndipo wakaingia wanawake wanane, mafagio mabegani,
wale wa kutelezesha mawe juu ya barafu,
wamefungwa kumi na moja kwa mbili
na wanacheka kama waliofunga.
Wakaagiza bakuli kubwa lenye moto katikati, mirija minane.
Viti, saba.

Gudrun Thorvaldson akamwendea Orest:
“Kiti hiki kina mtu?”

Nimeona watu wakijibu posa upesi kuliko alivyojibu.
Aliutazama mlango. Akakitazama kiti.
“Chukueni,” akasema,
kwa sauti ya mtu anayetia sahihi mzigo wa jirani.

Dakika tano. Sitii chumvi, tano.
Mlango ukasukumwa kwa bega,
na Marcelline Desrochers akaingia, kope zimeganda.
Gari limekataa kuwaka, simu imekufa kwa baridi,
basi la pili limefia darajani, akashuka, akatembea.
Akasimama mbele ya meza.
Mahali pa kiti palikuwa na alama nne tu zuliani.

“Nimechelewa kiasi hicho?”

Wanane wale waliona. Mirija ikatoka midomoni.
Tulidhani Gudrun atarudisha kiti.
La. Aliinuka, akaishika meza ya Orest pembeni,
akaiburura hadi kwao, glasi juu yake,
na Orest nyuma, kaing'ang'ania kama mtu aliyefuatwa na polisi wa samani.
“Mirija miwili zaidi!”
Mimi nikamwaga ndimu zangu kwenye sinki,
nikaigeuza ndoo, nikaifuta kwa aproni.
Marcelline akaikalia, akaanza kuyeyuka.

Waliyosemezana siyajui. Bomba la jikoni lina kelele.

Najua hili tu. Saa tano, makoti yakivaliwa,
alichukua glasi yake, imejaa barafu iliyoyeyuka,
akaumimina mnazi shinani, taratibu,
akipapasa jani moja kwa kidole.
Orest akafungua mdomo.
Akaufunga.

Nilikuwa nikipangusa meza. Niliuona mdomo ule ukifungwa,
nikaiacha ndoo palepale.