Kibonye Kimoja

Mimi karani tu; kazi yangu kunakili.
Dolgellau, Wales, ofisi ya Wakili Meredith, ghorofa ya juu,
mvua inagonga paa la mawe kama mdai asiyechoka.

Barua ya kwanza, Machi tatu.
Ithel Probert anauza kinanda cha marehemu mkewe,
cha kukanyagwa kwa miguu, kibonye kimoja kimekufa,
pauni kumi na mbili, hapungui hata peni.
Hilo sheria inaliita pendekezo:
mlango umeachwa wazi, anayeutaka aingie.

Ya pili, Machi saba. Angharad Nanney, mwalimu wa kwaya:
"Kumi, kwa sababu ya kile kibonye."
Maneno sita.
Alidhani anabisha hodi. Alikuwa anaufunga mlango,
maana asemaye kumi hajasema ndiyo,
amesema hapana kwa sauti ya upole,
na pendekezo likakata roho
Probert alipoichana bahasha.

Hakujibu.
Kimya kingi kina mshindo, lakini si mahakamani;
huko hakina hata mwangwi.

Ya tatu, Machi kumi na nne:
"Nimewaza. Nakubali kumi na mbili."
Akaipeleka posta mwenyewe, upepo ukimvuta skafu.
Alikuwa amesikia mahali (na ni kweli)
kwamba ndiyo ikishadumbukia sandukuni
mkataba umefungwa,
hata mwandikiwa akiwa usingizini anakoroma.
Ndiyo ya nini, lakini?
Posa ya maiti haikubaliwi.
Barua yake ilikuwa pendekezo jipya
lililoazima nguo za ukubali,
na Probert alikuwa huru kulitupa jikoni penye moto.

Kinanda kilikwisha kwenda Bala,
kwa mwokaji mikate, kwa pauni tisa.
Tisa!
Mwokaji hakukitaja kibonye.
Nasikia ndicho mkewe alichokichakaza
kwa wimbo mmoja, kila Jumapili, miaka thelathini.
Sheria haiulizi hayo.

Leo Bi Nanney ameketi mbele yetu, glavu zinachuruzika.
"Na kama ningeuliza tu, je, ungepunguza?"
Meredith akavua miwani.
"Kuuliza hakuui, mama. Ulitaja bei."

Nikaandika ankara ya ushauri, nikamsogezea.
Akaisoma mara mbili.
Akanitazama, akafumbua mdomo kutaja kiasi kingine,
akaufumba.