Barua kwa Dirisha la Tatu

Bwana Lewa wa dirisha la tatu,
sikuja kupiga kelele. Nimekuja na kalamu.
Nimeiazima kwa Bi Zuhura wa kituo cha watoto, Muyeye,
ile anayoandikia nani kalipa na nani bado,
kwa hiyo wino wake unazijua aibu zetu.

Tuanze na mwezi wa tano.
Saa mia moja nilisimama chumba cha kufulia,
hoteli ya kule Casuarina, mvuke usoni,
saa moja shilingi themanini.
Elfu nane.
Kituo kinataka elfu tatu kumshika Tsuma;
kaunti ikatoa mbili, mimi moja.
Nikabaki na saba. Nikalipa chumba, nikanunua unga,
na Tsuma akapata viatu vya mtumba
vile vya kuwaka taa kisiginoni.
Kinawaka kimoja tu.

Mwezi wa sita Mbeyu akaenda kujifungua.
Msimamizi akaniita pembeni
kama mtu anayetaka kunitunza harusini:
"Nakuongezea saa ishirini."
Nikasema asante. Nilisema mara mbili, Bwana Lewa.
Mtoto wa pwani hafundishwi
habari ya mgaagaa na upwa. Nikagaagaa.

Shuka la hoteli ni refu kuliko chumba changu.
Kulikunja ni kazi ya watu wawili;
nikajifunza kulikunja peke yangu,
ncha moja nimeibana mlangoni.

Mshahara ukaingia: elfu tisa na mia sita.
Niliibusu simu. Ndiyo, niliibusu.
Kisha ukaja ujumbe wenu, hauna hata salamu:
*Kipato chako kimepita elfu tisa. Ruzuku imesitishwa.*

Nimepita kwa mia sita,
kama mtu aliyevuka kizingiti cha mlango wake
akaambiwa ametoka nchini.

Haya, andika.
Elfu tatu za Bi Zuhura, zote zangu sasa.
Na kwa kuwa siku hizi natoka saa kumi na mbili,
saa ya ziada ya mtoto ni shilingi ishirini,
mara siku ishirini, mia nne.
Toa. Toa tena.
Elfu sita na mia mbili.
Niliigeuza karatasi nyuma
nikidhani nyingine zimejificha huko.

Saa ishirini nimezifanya kazi
na mimi ndiye niliyezilipia. Mia nane.
Hakuna muuza madafu mji huu
anayekukatia dafu kisha akakupa na pesa.

Jumwa wa jikoni ni mwepesi wa hesabu.
"Omba upunguziwe saa nane," akasema,
"utalala chini ya mstari wao kwa shilingi arobaini."
Nikaomba. Msimamizi akacheka mpaka akashika meza:
"Wenzako wanalilia kazi, wewe unaililia kupungua?"
Ni ishirini zote au hakuna,
na getini kuna wanawake wamekaa juu ya mawe tangu alfajiri.

Utasema mstari hukuuchora wewe. Najua.
Nimeliona doa la uji begani mwako.
Sijakuuliza wako umemwacha kwa nani.

Fomu yenu ina kisanduku cha saa nilizofanya kazi.
Nimetafuta kisanduku cha saa ambazo Tsuma
amekaa kwenye ngazi ya kituo, mkoba mgongoni,
wenzake wote wameshachukuliwa,
Bi Zuhura anafagia kumzunguka.

Nikifika huwa kesha lala. Nambeba.
Njia ya Muyeye haina taa,
mguu wake unagonga nyonga yangu,
na kila ukigonga kiatu kinawaka,
kinazima,
kinawaka,
hivyo ndivyo tunavyoyaona madimbwi.

Karatasi nakuachia, Bwana Lewa.
Kalamu naomba nirudishie.
Bi Zuhura anaihitaji kabla ya jioni,
aandike jina langu.