Palia Juu

Robo kilo ya jibini, duka la kona, Pangani,
lile lenye friji inayokohoa.
Muuzaji aliifunga kwa karatasi mbili
kama mtu anayeficha barua.
Kwa bei ile ningepata nusu kuku.

Nikamwambia mama kwenye simu:
leo nina wageni, nawaokea chizi.
Akanyamaza. Kisha akauliza:
chizi gani huyo, na kwao wanajua?
Nilicheka hadi nikakaa sakafuni.
Ni maziwa, mama. Maziwa yaliyolala yakasahau kuamka.
Basi yaamshe pole pole, akasema,
na chumvi usitie,
kitu kilicholala hivyo kimeshalia chumvi yake.

Sikuwa nimealika mtu tangu Aprili ya mwaka juzi.
Viti ni vinne. Kimoja hukaliwa na nguo za kupiga pasi.
Nikaziinua, nikazitupa kitandani.

Unga vikombe viwili, siagi, yai,
dania iliyokatwakatwa, pilipili manga.
Jibini nikaikwaruza kwa kikwaruzo cha karoti
nayo ikanikwaruza:
kidole cha shahada kikatoa ushahidi, tone moja,
nikalifuta kabla donge halijaona.

Nikafinyanga vidonge, ukubwa wa kifungo cha koti,
arobaini na viwili, nilihesabu,
nikaviingiza kwenye oveni ya mezani
niliyoachiwa na mtu nisiyemtaja.

Saa moja na dakika nane, stima ikaenda.
Mtaa mzima ukasema aaa kwa pumzi moja,
kuanzia ghorofa ya tano hadi kwa kinyozi.

Kwamboka ndiye aliyetangulia kubisha,
simu mdomoni ikimulika, mkononi mfuko wa ndizi.
Alifungua oveni, akabonyeza kidonge kimoja.
Hivi havijaiva wala havijakataa.
Jiko la makaa unalo?
Ninalo, roshani. Lina buibui.
Mhamishe.

Akavipanga upya kwenye sufuria pana,
makaa machache chini,
akafunika kwa sinia kuukuu, na juu ya sinia
akapalia moto wote uliobaki.
Nikaona mithali inanijia, kitu kuhusu
chakula kisichoiva kwa moto wa upande mmoja,
nikafungua kinywa.
Pepea, akasema.

Nikapepea kwa kifuniko cha ndoo.
Fardosa akaja na chupa ya chai ya tangawizi.
Mutinda, aliyeahidi kuchelewa, akatimiza ahadi.
Tukasimama wanne roshani, tumebanana na kamba ya nguo,
na vile viti nilivyovihangaikia
vikabaki ndani gizani, vikikaliana.

Kwanza ilikuja harufu ya siagi.
Halafu nyingine, ya zamani zaidi:
maziwa yaliyofurika mekoni
siku uliyoambiwa yaangalie, nawe ukaangalia dirisha.

Vilitoka na rangi zao mbalimbali,
vingine vyeupe bado, vingine kama chai ya rangi,
kumi vimeungua tako.
Mutinda alianza na hivyo vya kuungua,
eti ndivyo vyenye habari.
Uzi wa jibini ulivutika kutoka kidevu cha Fardosa hadi sahani,
ukakataa kukatika mpaka alipocheka.

Hakuna aliyeuliza oveni ni ya nani.
Hakuna aliyeuliza miaka hii nilikuwa wapi
na mlango wangu uko palepale.
Kwamboka alilamba kidole gumba, akauliza tu:
Jumamosi ijayo, nilete unga?

Stima ikarudi saa tatu, bila kubisha.
Tukakunja macho. Tulikuwa na masizi puani.
Kwenye sahani kimebaki kimoja,
kile ambacho kila mtu humwachia mwenzake
hadi kinakauka kwa adabu.

Zima, Fardosa akasema.
Nikazima.

Tulipowasha tena sahani ilikuwa tupu.
Walitazamana, mmoja mmoja, kama polisi.
Mimi ndiye niliyekuwa natafuna.