Sina Neno

Bwana Tamaz anafungua kinywa
nami nauona usiku wake.

Magego yamelala bapa
kama mawe ya kusagia yaliyokwisha kazi.
Hakuna tundu, hakuna usaha.
Nagonga kwa kichuma: hapa panauma?
"Sina neno, daktari."

Hivyo ndivyo alivyosema Februari,
taya lilipogoma kufunguka
akanywa supu kwa mrija siku tisa.

Kazi yake iko juu ya bonde la Chiatura:
anaendesha kigari cha chuma kinachoning'inia kwenye waya,
akiwavusha wachimbaji kutoka mtoni hadi mgodini.
Watu kumi na wawili kila safari, miaka ishirini na sita.
Anausikiliza waya
kama mama amsikilizavyo mtoto mwenye kifua.
Tangu meneja awapunguze mafundi
anausikiliza peke yake.

"Saa tisa za usiku," asema mkewe, Lamara,
mkoba magotini, "kuna sauti
ya mtu kutafuna changarawe.
Nilidhani panya.
Nikaweka mtego."

Namwambia niliyosomea:
mwili haujui saa ya kutoka kazini.
Hofu ikibisha, moyo hukimbia, damu hupanda,
misuli hukaza kumpokea mbwa-mwitu;
na mbwa-mwitu asipotokea
hakuna wa kuiambia, haya, legea.
Basi hutafuna kilicho karibu.
Kwako ni meno.
Kwa jirani yako ni tumbo.
Kwa mwingine ni mshipa mmoja kichwani,
na huo hautoi taarifa.

Anacheka kidogo, kwa pua.
"Waya hukatikia pabovu," asema.
"Na pabovu hupaoni, daktari.
Pamepakwa grisi."

Naandika barua kwa daktari wa moyo.
Lamara anaikunja mara nne,
anaitia mkobani kabla mumewe hajainyoshea mkono.

Kisha nakanda unga wa waridi, naujaza kinywani
nipate umbo la kifuniko cha kuvaa usiku.
Kitalinda meno tu, nawaambia,
mengine yote sina kifuniko chake.
Dakika tatu, usiongee, ugande.

Nanawa mikono. Nageuka.
Bwana Tamaz amelala.

Sahani nimeitoa, hakushtuka.
Taa ya kiti usoni, kidevu kimeanguka,
meno ya juu na ya chini
hayagusani.

Nje kuna wagonjwa wawili wanaokohoa makusudi.
Lamara ananitazama.
Nazima taa.